KWA NINI NDEGE YANGU ILIKATAA KUTEMBEA

Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike somo kuhusu jambo analolijua kwa mikono yake mwenyewe, si jambo alilonakili kitabuni. Wenzangu wameandika juu ya uanikaji wa omena, ushonaji wa sare na ufugaji wa kuku. Mimi nimechagua breki za ndege. Najua mtacheka. Mtoto wa Manyatta anayekwenda shuleni kwa miguu, amezijulia wapi breki za ndege? Ngojeni kidogo, kwani wahenga walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Nyumbani tuna kompyuta kuukuu ambayo mjomba wangu aliinunua ilipouzwa na ofisi moja mjini. Mjomba ni fundi wa redio karibu na soko la Kibuye. Ndani ya kompyuta hiyo kuna programu iitwayo FlightGear, ambayo humwezesha mtu kurusha ndege ya kuigiza akiwa ameketi kwenye kiti chake. Programu hii ni ya bure. Imetengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali tangu miaka ya 1990, na mtu yeyote anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Ndege ninayoirusha mimi ni Cessna 172, ile ndogo ya viti vinne na rafadha moja puani, na kiwanja changu ni hiki hiki chetu cha Kisumu kando ya ziwa.

Kijiti cha kuongozea nilikipata kikiwa kimevunjika. Pedali za miguuni nilijitengenezea mwenyewe kwa vipande viwili vya mbao, bawaba za mlango, springi, na vile vitufe vya kuzungusha ambavyo hutumika kuongeza au kupunguza sauti ya redio. Mjomba alinipa viwili kutoka kwenye redio mbovu. Ukikanyaga ubao, kitufe kinazunguka, umeme unaopita unabadilika, na kompyuta inajua umekanyaga kiasi gani. Mtu wa kidato cha tatu aliyesikiliza vizuri somo la fizikia juu ya ukinzani wa umeme ataelewa mara moja.

Sasa tuingie somoni. Breki za ndege zinafanyaje kazi?

Ndege kama Cessna 172 ina magurudumu matatu. La mbele halina breki. Breki ziko kwenye magurudumu mawili ya nyuma, na kila gurudumu lina breki yake peke yake. Rubani ana pedali mbili. Akisukuma pedali nzima kwa mguu, anageuza usukani wa mkia na gurudumu la mbele. Akikanyaga sehemu ya juu ya pedali kwa ncha ya mguu, anafunga breki. Pedali ya kushoto hufunga gurudumu la kushoto, na ya kulia hufunga la kulia. Nguvu ya mguu husafiri ndani ya mafuta yaliyo kwenye mrija, kama tulivyosoma kidato cha kwanza katika somo la shinikizo, hadi kwenye bamba la chuma linalozunguka na gurudumu. Bamba likibanwa, gurudumu linapunguza mwendo.

Kwa kuwa breki ni mbili, rubani anaweza kuzitumia hata kupiga kona. Akibana ya kushoto peke yake, ndege inazunguka kuelekea kushoto. Jambo hili likumbuke, maana ndilo lililonitesa.

Lakini si kila ndege ina breki. Hapa Kisumu penyewe, kuanzia mwaka 1931, ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza zilikuwa zikitua kwenye ziwa zikisafirisha barua na abiria. Ndege hizo zilitua kwa tumbo kama mashua. Hazikuwa na gurudumu la kubana; maji yenyewe ndiyo yaliyozipunguza mwendo, kisha zikafungwa kwenye boya. Ndege ya nchi kavu haina bahati hiyo. Ikigusa ardhi, mwendo wake wote lazima upungue kwa upepo, kwa msuguano wa magurudumu, na mwishowe kwa breki.

Tena kiwanja chetu kina jambo lake. Ziwa letu liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa hivyo ndege hugusa ardhi ikiwa na kasi kubwa zaidi, ingawa mshale wa kasi mbele ya rubani unaonyesha nambari ile ile. Tuchukue ndege ya kilo 1,000. Kule pwani ikigusa ardhi kwa mita 25 kwa sekunde, ina nishati ya jouli 312,500. Huku kwetu, siku ya joto, mita hizo 25 zinakuwa kama 27. Fanya hesabu mwenyewe: nusu ya 1,000 mara 27 mara 27 ni jouli 364,500. Kasi imeongezeka kidogo tu, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa sehemu moja kati ya sita hivi. Nishati hiyo yote haipotei hivi hivi. Sehemu inayoishia kwenye breki inageuka kuwa joto. Neno joto nalo likumbuke, tutalirudia.

Sasa nisimulie yaliyonipata. Jumamosi moja niliwasha kompyuta, nikaipanga ndege mwanzoni mwa barabara ya kurukia, nikaongeza nguvu za injini kidogo. Ndege haikutikisika. Nikaongeza tena. Bado. Nikasukuma nguvu hadi mwisho. Lo! Ndege ikaanza kutembea kwa shida kama ng'ombe anayevutwa kwenda kuogeshwa, halafu ikageuka kushoto, ikatoka barabarani, ikaishia kwenye nyasi. Nilirudia mara kumi, na mara kumi ikaenda nyasini.

Hapo nilifanya kosa ambalo nataka wewe usilifanye. Nilishikwa na haraka. Jioni ile ile nilibadilisha springi za pedali zote mbili, nikahamisha nyaya, nikaifuta programu na kuiweka upya, nikabadilisha hata aina ya ndege. Nilipomaliza, ndege ilikuwa haitembei kabisa, na sikujua tena ni lipi katika hayo yote lililoharibu zaidi. Haraka haraka haina baraka. Kwa siku sita nilikesha nikibahatisha. Tokeni za stima zikaisha katikati ya juma, na mama akapika kwa mwanga wa koroboi.

Baba hakupiga kelele. Alisema maneno machache tu: "Mwisho wa mwezi huo mtambo unauzwa. Tutalipia nao karo." Ilikuwa tarehe 19. Nilishika tama. Siwezi kusema baba alikosea, kwa sababu karo ilikuwa haijalipwa kweli, na kitu alichokuwa akikiona kila usiku ni kijana anayecheza na mbao.

Siku iliyofuata nikaenda Kibuye kwa mjomba. Nilimweleza yote niliyoyabadilisha, nikidhani atanisifu kwa bidii. Aliendelea kuunganisha waya wa redio ya mteja, kisha akaniuliza, "Umepima wapi?"

"Sijapima, mjomba. Nimebadilisha."

"Basi hujaanza," akasema. "Redio ikinyamaza, mimi sibadilishi chochote kwanza. Nauliza: sauti imefika mpaka wapi? Nakata njia katikati. Nusu hii nzima, nusu hii mbovu. Halafu nakata tena ile nusu mbovu. Na nikibadilisha, nabadilisha kitu kimoja, najaribu, naandika."

Maneno hayo ndiyo kiini cha somo langu. Nilirudi nyumbani, nikachukua daftari, nikatengeneza utaratibu ufuatao. Ukiwa na programu kama yangu unaweza kuufuata hatua kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: Angalia breki ya kuegesha. Hii ni breki ambayo rubani huifunga na kuiacha imefungwa, ili ndege isitembee ikiwa peke yake. Katika FlightGear unabonyeza herufi B kubwa, yaani Shift pamoja na b, ili kuifunga au kuifungua. Usione haya kuanzia hapa. Watu wengi wanaolia kwamba ndege imegoma, wao wenyewe ndio waliosahau kuifungua. Mimi niliifungua, na ndege ikaanza kutembea, lakini bado ikaenda kushoto. Kumbe katika kuweka programu upya niliiacha imefungwa! Tatizo moja nilikuwa nimejiongezea mwenyewe.

HATUA YA PILI: Kata njia katikati. Nilichomoa pedali zangu zote kwenye kompyuta, nikatumia kibodi peke yake. Herufi b ikishikiliwa hufunga breki zote mbili. Alama ya mkato hufunga ya kushoto, na nukta hufunga ya kulia. Ndege ilitembea vizuri kama maji. Basi programu ni nzima, ndege ni nzima. Ugonjwa uko kwenye pedali. Kwa dakika mbili nilikuwa nimejua jambo ambalo siku sita za kubahatisha hazikunipa.

HATUA YA TATU: Soma nambari. Programu hii ina ukurasa wa uchunguzi, ambapo unaweza kuona kila breki imefungwa kiasi gani. Sifuri maana yake breki imeachiliwa kabisa. Moja maana yake imebanwa hadi mwisho. Rudisha pedali, ondoa miguu kabisa, weka hata chini ya kiti, kisha soma. Haya ndiyo unayoweza kuyakuta:

(a) Ukiwa hujakanyaga inasoma 1, ukikanyaga inashuka hadi 0. Pedali imewekwa kinyume. Geuza mwelekeo kwenye mipangilio, au badilisha nyaya mbili za pembeni za kitufe.

(b) Inasoma 0.5 tangu mwanzo, lakini ukikanyaga mara moja na kuachilia inarudi 0. Hapa kompyuta bado haijapata habari za pedali, kwa hivyo inadhani iko katikati. Dawa yake ni kukanyaga kila pedali mara moja hadi mwisho kabla ya kuanza safari.

(c) Nambari inarukaruka bila mguu kugusa. Kitufe kina uchafu ndani. Ni ugonjwa ule ule wa redio ya zamani inayokwaruza ukiongeza sauti.

(d) Nambari imetulia lakini haifiki 0. Pedali hairudi hadi mwisho, au imefungwa bila nafasi yoyote ya kulegea.

Breki yangu ya kulia ilisoma 0. Ya kushoto ilisoma 0.18, na mara nyingine ikaruka hadi 0.3. Yaani gurudumu la kushoto lilikuwa limebanwa wakati wote, na mimi miguu yangu iko chini ya kiti! Ndiyo maana ndege ilikwenda kushoto.

Nilianza na kitu kimoja. Nilisafisha kitufe cha kushoto kwa spiriti, nikakizungusha mara nyingi, nikakiacha kikauke. Nikasoma tena: kuruka kumekwisha, lakini nambari imesimama kwenye 0.12. Nikaandika. Kisha nikachunguza ubao wenyewe. Nilikuwa nimeukaza sana, nikitaka breki ishike mara tu mguu unapogusa. Niliona ni ufundi mkubwa. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na kosa. Nililegeza kifungo, nikaacha sentimita moja ya kwanza ya pedali isifanye kazi yoyote. Nikasoma: 0.

HATUA YA NNE: Usiisingizie breki kosa lisilo lake. Baada ya kutengeneza, ndege bado ilivuta kushoto kidogo nilipoweka nguvu zote. Nilitaka kurudi kwenye pedali, lakini nambari zote mbili zilikuwa 0. Basi si breki. Ndege ya rafadha moja kama hii huvuta kushoto kwa sababu ya mzunguko wa rafadha yenyewe na upepo unaoutupa nyuma hadi kwenye mkia, na rubani huizuia kwa pedali ya kulia. Upepo wa ubavuni nao huigeuza ndege. Kujua tofauti ni rahisi: weka upepo uwe sifuri kwenye programu, ipe ndege mwendo, kisha punguza nguvu za injini. Ikinyooka, ilikuwa rafadha. Ikiendelea kuvuta, rudi hatua ya tatu.

Naam, ndege yangu ikaruka, ikazunguka juu ya ziwa na kutua. Ningeweza kukomea hapa. Lakini somo lenyewe nililielewa siku mbili baadaye, na si kwenye kompyuta.

Kaka yangu ni mwendesha bodaboda. Steji yake ni Kondele, na kila siku hupandisha na kuteremsha abiria mlima wa Riat. Jioni hiyo alifika nyumbani akilalamika kwamba petroli inaisha mapema na pikipiki imekuwa nzito. Nilipopita karibu na gurudumu la nyuma nikahisi joto. Niligusa kitovu cha gurudumu nikauondoa mkono upesi. Kilikuwa cha moto kama sufuria.

Nikamuuliza kama amefanya chochote kwenye breki. "Mvua ilipoanza nilikuta inashika kwa mbali," akasema, "nikakaza nati. Sasa inashika vizuri, profesa. Ukigusa tu, imeshika."

Maneno hayo yalikuwa yangu mwenyewe! Ukigusa tu, imeshika. Nikamwomba aisimamishe pikipiki kwa stendi kubwa. Nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikumaliza hata mzunguko mmoja. Breki ilikuwa imefungwa kutwa nzima, mlimani na tambarare, na petroli ya kaka ilikuwa ikigeuzwa kuwa joto. Na hatari si petroli peke yake. Breki ya namna hii ikipata joto jingi, nguvu zake za kushika hupungua. Yaani ingeweza kumkosa wakati ule ule anapoihitaji, anapoteremka Riat akiwa na mama na mtoto nyuma yake.

Tulifanya jambo moja kwa wakati. Tuliiacha ipoe. Tulilegeza nati ya fimbo ya breki kidogo, tukazungusha gurudumu; tukalegeza tena kidogo, tukazungusha. Lilipozunguka bila kukwaruza tukaacha. Lakini pedali sasa ilikwenda chini mno kabla ya kushika, kuliko zile sentimita 2 au 3 zinazofaa. Maana yake ni nini? Maana yake viatu vya breki ndani vilikuwa vimelika. Kukaza nati hakukuponya ugonjwa, kulikuwa kumeuficha. Kaka hakupendezwa, kwa sababu pesa za siku hiyo zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Lakini asubuhi hakubeba abiria hata mmoja. Aliisukuma pikipiki hadi kwa fundi, akawekewa viatu vipya, na akaijaribu kwa mwendo wa pole uwanjani kabla ya kurudi steji.

Kwa hivyo, msomaji, nikikuachia neno moja tu katika haya yote, ni hili: breki nzuri ina kazi mbili, kushika na kuachilia, na sisi wengi huijaribu kazi ya kwanza tu. Iwe ni ndege ya kuigiza, baiskeli au pikipiki, acha nafasi kidogo ya kulegea, kisha upime kama imeachilia kweli. Na kabla ya kubadilisha, pima. Ukibadilisha, badilisha kimoja.

Baba aliyaona yote ya pikipiki akiwa ameketi mlangoni. Hakusema kitu. Tarehe 30 ilifika, nikaipangusa kompyuta vumbi ili isionekane mbaya kwa mnunuzi. Jioni baba akaniambia, "Kaka yako amechanga karo kidogo. Huo mtambo ukae mpaka mtihani wa mwisho wa muhula. Lakini saa tatu usiku unazimwa." Saa tatu mimi huzima.

ZOEZI LA KUJIPIMA

1. Ndege inavuta kulia. Ukiondoa miguu, breki ya kulia inasoma 0.5, lakini ukikanyaga mara moja inarudi 0. Tatizo ni nini?

2. Ndege ya kilo 1,000 imegusa ardhi kwa mita 30 kwa sekunde badala ya 25. Nishati imeongezeka kwa jouli ngapi?

3. Inua gurudumu la baiskeli ya nyumbani kwenu ulizungushe kwa mkono. Linazunguka mara ngapi kabla ya kusimama? Andika nambari hiyo kabla hujagusa spana.

Majibu ya swali la 1 na la 2 yamo ndani ya somo. Rudi usome na kupiga hesabu. Jibu la 3 unalo wewe mwenyewe. Kwaherini ya kuonana.